Bonyeza Kubali Kabla ya Saa Sita

"Jembe, hapa Ghala. Unaiona?"

"Naiona, Ghala. Land Cruiser nyeupe, hardtop. Mita mia tatu mbele yangu."

"Usiikaribie. Ifuate tu mpaka inakokwenda. Palizi inaisha saa sita."

"Nimekupata."

Redio ya Motorola ikanyamaza.

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi, siku ya Ijumaa, kwenye barabara ya Kibondo kwenda Kasulu. Pelagia Nduwayezu, jina la kazi Jembe, alikuwa juu ya Honda XR yenye matope hadi kwenye taa. Chini ya jaketi lake kulikuwa na Glock yenye risasi kumi na tano. Chini ya kiti cha pikipiki kulikuwa na kifaa kidogo mithili ya kipande cha sabuni, kinachomwonyesha mkuu wake mahali alipo kila baada ya sekunde kumi.

Kwa lugha yao ya redioni, palizi ni kazi ya siku. Kuisha saa sita maana yake haruhusiwi kugeuza pikipiki kabla ya saa sita mchana, hata iweje.

Ghala alikuwa Ridhiwani, mkuu wake kwa miaka tisa. Alfajiri ile alimwambia kwamba gari hilo limebeba bunduki arobaini chini ya magunia ya maharage, na kwamba linakwenda kuzigawa upande wa kambi ya Nyarugusu. Pelagia aliamini. Angeambiwa limebeba tembo wawili, angeamini pia.

Ila gari lenyewe lilikuwa na tabia ya ajabu.

Lilikuwa linakwenda polepole mno. Kwenye mteremko lilipunguza mwendo, na kwenye kona lilipunguza zaidi. Pelagia akaamua kulijaribu. Alisimama kando ya shamba la mihogo, akajifanya anakaza mnyororo, akatazama mbele kwa pembe ya jicho.

Land Cruiser nayo ikasimama.

Mtu anayekimbia na bunduki arobaini hamsubiri anayemfukuza. Hilo halihitaji kusomea ujasusi. Pelagia alipanda pikipiki, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akavunja amri ya Ghala.

Alilipita gari kabla ya nyumba za kwanza za Rungwe Mpya, akaiweka Honda katikati ya lami, akashuka na Glock mkononi. Dereva alifunga breki, akainua mikono hata kabla hajaambiwa. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la mvua na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Shuka. Fungua nyuma."

Yalikuwa maharage. Pelagia alichoma kila gunia kwa kisu, la kwanza hadi la kumi na mbili, na kila gunia lilimwaga maharage ya njano tu. Maharage mazuri hasa. Hakukuwa na bunduki hata ya kuwindia ndege.

Dereva alijitambulisha kwa jina la Evaristi, Muha wa Kasulu, dereva wa kukodiwa. Alieleza bila kulazimishwa, maana alikuwa amechoka kuogopa. Jana alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akaambiwa aendeshe gari hili toka Kibondo hadi Kasulu taratibu, asifike kabla ya saa sita.

"Nikaambiwa kuna mama atanifuata na pikipiki," alisema. "Nisimpoteze. Akibaki nyuma, nimngoje. Dada, mimi niliona ni mambo ya wivu wa ndoa. Ntakubesha, sikudanganyi."

"Ulinijuaje mimi ndiye?"

"Walinitumia picha."

Akatoa simu yake, Tecno iliyopasuka kioo, akamwonyesha.

Pelagia aliitazama picha ile muda mrefu kuliko alivyopaswa. Alikuwa yeye, kijana zaidi, amevaa gauni la kijani la kuazima, ameinua mkono wa kulia na anajizuia kucheka. Ilikuwa siku aliyokula kiapo cha kazi. Chumbani walikuwa watu watatu tu. Aliyepiga picha alikuwa Ridhiwani, kwa simu yake mwenyewe.

Pelagia alikuwa amemwomba picha hiyo mara nyingi, ampe mama yake aiweke ukutani. Kila mara Ridhiwani alimjibu kwamba mpelelezi hana picha, na kwamba amekwisha kuifuta.

Kumbe hakuifuta.

Iliuma. Tusizunguke. Iliuma mahali ambapo hata risasi iliyompata kazini Uvira, miaka minne nyuma, haikufika. Pelagia aliegemea boneti ya Land Cruiser, akapumua, kisha akajiuliza swali la kazi. Ghala anataka niwe mbali na Kibondo mpaka saa sita. Saa sita kuna nini?

Jibu alikuwa nalo. Alilibeba yeye mwenyewe, kwa mikono yake, siku tatu zilizopita.

*

Mwaka uliotangulia, matapeli walikuwa wamejaza simu za watu tovuti zinazojifanya programu. Unaifungua mara moja, inakaa kwenye uso wa simu, na usiku inanyonya picha na namba zako zote. Serikali ikachoka. Ikatoka kanuni: kuanzia Ijumaa hii saa sita mchana, tovuti yoyote inayokaa kwenye simu kama programu lazima iwe na leseni, na taarifa za watumiaji zitunzwe na mtunzaji aliyeidhinishwa. Isiyo na leseni, ukiibonyeza utapata ukurasa mweupe.

Ilikuwa kanuni nzuri. Pelagia aliipenda. Mtunzaji aliyeidhinishwa alikuwa kampuni moja ya Dar es Salaam iitwayo Kasha Salama, na aliyeikagua kwa niaba ya usalama alikuwa Ridhiwani.

Sasa huku mpakani kulikuwa na Muryango, maana yake familia kwa lugha ya huku.

Muryango haikuwa programu ya kupakua kwenye duka la mtandao. Ilikuwa tovuti tu, unaifungua, unaiweka kwenye uso wa simu, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Aliitengeneza Bazilio, mwalimu wa kompyuta wa Kasulu, kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa na ndugu wakatawanyika: huyu kambi ya Nduta, yule Nyarugusu, mwingine amerudi Burundi, mwingine kijijini kwa shemeji. Unaandika uko na nani, unaacha sauti yako, na ndugu yako akipata mtandao anaisikia. Kila kitu kilikaa ndani ya simu za watu wenyewe, kimefungwa. Ufunguo mkuu alikuwa nao Bazilio peke yake.

Bazilio na Pelagia walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wote wawili ni wajukuu wa wakimbizi, wote wawili raia, na wote wawili walishachoka kuulizwa kwao ni wapi.

Siku tatu zilizopita Pelagia alikwenda kwake na ujumbe wa Ridhiwani. Alimweleza kwamba Muryango itafungwa Ijumaa kama haina leseni, kwamba mkuu wake ataipitisha haraka kupitia Kasha Salama, na kwamba anachotakiwa ni kutoa ufunguo na kuwatumia watu ujumbe mmoja. Bazilio alikataa mara mbili. Mara ya tatu Pelagia aliapa kwa jina la mama yake. Bazilio akampa ufunguo kwenye flashi, kisha akaandika: *Ndugu zangu, bonyezeni Kubali kabla ya Ijumaa saa sita. Ni salama.*

Watu walibonyeza kwa sababu Bazilio alisema. Bazilio alisema kwa sababu ya Pelagia. Pelagia alisema kwa sababu ya Ridhiwani.

Saa sita kamili, kila simu iliyobonyeza Kubali ingeanza kuitajia Kasha Salama majina yaliyomo na mahali ilipo. Na kati ya majina hayo lilikuwemo la mzee mmoja aitwaye Niyonzima.

Niyonzima aliwahi kuwa dereva wa lori. Aliwaona kwa macho yake wakubwa wa magendo wanaovusha bunduki mpakani, akawajua kwa sura na kwa majina. Jumatatu Mahakama Kuu ingeketi Kibondo, na yeye ndiye shahidi pekee. Miezi minane alijificha vijijini, na mahali alipo hapakujulikana na polisi wala waendesha mashtaka. Pelagia ndiye aliyegundua, wiki tatu nyuma, kwamba mzee huyo huongea na binti yake kwa Muryango. Aliandika hilo kwenye ripoti. Ripoti ilisomwa na mtu mmoja.

Saa sita mchana mtu huyo angejua nyumba ya Niyonzima. Jumatatu kusingekuwa na shahidi.

Pelagia alitazama saa yake ya Casio. Saa nne na dakika tatu.

*

Alimpigia Bazilio kwanza.

"Nisikilize bila kuniuliza kitu," alisema. "Niyonzima yumo kwenye simu ipi?"

"Si uliapa kwamba hamtaangalia jina la mtu?"

"Nimedanganywa, Bazi. Mkuu wangu amewauza. Ikifika saa sita watamjua mzee alipo, na watamuua. Nitajie simu."

Pelagia alisikia wanafunzi wakiimba mahali fulani nyuma ya Bazilio.

"Simu ya kigango cha Busunzu," Bazilio alisema hatimaye. "Nilimsajili mimi mwenyewe. Pelagia, watu wale walibonyeza kwa jina langu." Akakata.

Simu ya pili ilikwenda kwa Zuleha, wakili wa serikali aliyekuwa Kibondo kuandaa kesi ile ile. Zuleha alikuwa mwanamke wa maneno machache, na ofisi yake haikuwa chini ya Ridhiwani. Pelagia alimweleza kwa dakika mbili. Zuleha aliuliza maswali matatu, la mwisho likiwa kama kuna ushahidi wowote dhidi ya Ridhiwani zaidi ya picha kwenye simu ya dereva.

"Bado," Pelagia alijibu. "Nitakupatia kabla ya saa tisa. Tafuta askari unaowaamini wewe, nendeni Mtendeli. Kambi ya zamani. Mfiche magari."

Kisha alipiga magoti kando ya Honda, akakibandua kile kifaa chini ya kiti, akakipachika chini ya kiti cha Land Cruiser.

"Evaristi, safari yako iko palepale," alimwambia. "Kasulu, taratibu, usifike kabla ya saa sita. Hujaniona."

"Na magunia niliyotobolewa?"

"Utashona."

Alibonyeza redio. "Ghala, hapa Jembe. Bado niko nyuma yake. Tunaingia Rungwe Mpya."

"Safi sana, mwanangu," Ridhiwani alijibu. "Endelea hivyo hivyo."

Mwanangu. Miaka tisa neno lile lilimpa joto. Sasa aligeuza pikipiki kurudi Kibondo bila kulijibu.

*

Ridhiwani alikuwa mtu wa pwani aliyeishi Dar es Salaam maisha yake yote ya kazi. Alikuwa na simu tatu, kila simu na kazi yake. Alijua kusoma ramani, alijua kusoma watu, na alijua kwamba ukiipata simu umempata mwenye simu. Mjini ndivyo ilivyo.

Busunzu si mjini.

Simu ya kigango ilikuwa Samsung ndogo iliyonunuliwa na jumuiya. Msimu wa mavuno kila familia ilichanga kopo la maharage, yakauzwa, simu ikanunuliwa. Ilikaa kwenye sanduku la mbao ndani ya kanisa la matofali mabichi, inachajiwa na sola ya paa. Mtunzaji wake alikuwa Mama Immakulata, katekista. Ukitaka kuongea na ndugu yako unatembea, hata saa mbili, unapanga foleni, unaongea, unairudisha sandukuni. Familia arobaini na tatu zilikuwa ndani ya Muryango ya simu ile moja.

Pelagia alifika saa tano na dakika nane. Mama Immakulata alikuwa anafagia. Hakumwacha mgeni aseme shida yake kabla ya salamu, na salamu za kule si za kukatisha. Amahoro, yaani amani, ya nyumbani, amahoro ya watoto, ya mama, ya shambani, makofi laini baada ya kila jibu. Pelagia alijibu zote. Jasho lilimtiririka mgongoni, lakini alijibu zote, kwa sababu bila hizo asingepewa hata maji.

Kisha aliomba simu.

"Simu haitoki hapa," Mama Immakulata alisema. "Ni ya watu."

Pelagia alimweleza ukweli wote. Alisema jina la Ridhiwani, akasema flashi, akasema kiapo. Hakujipunguzia kosa. Mama Immakulata alisikiliza huku ameshika ufagio kwa mikono miwili.

"Ni wewe uliyemwambia Bazilio atuambie tubonyeze?"

"Ni mimi, mama."

"Na nilibonyeza mimi. Kwa kidole hiki." Alikitazama kidole chake. "Basi tuizime. Tuiondoe betri, iishe."

Pelagia alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Simu ikizimwa, mzee atapona leo. Lakini Ridhiwani atabaki ofisini kwake na ufunguo mfukoni, na kesho atatafuta njia nyingine, na Jumatatu iko karibu. Simu ikiachwa hapa kanisani, wauaji watakaa kwenye mabenchi wamsubiri Niyonzima aje kwa miguu yake.

"Nataka iwake, mama," alisema. "Ila iwake mbali na hapa."

Mama Immakulata alifungua sanduku. Alimpa simu kwa mikono miwili, kama wanavyopeana vitu vya maana.

"Kama unatudanganya tena," alisema, "Mungu anapajua nyumbani kwenu."

*

Saa sita kamili mchana.

Pelagia alikuwa anapita katikati ya mji wa Kibondo, kofia ngumu imefunika uso, simu ya kigango ndani ya jaketi. Ilitetemeka mara moja. Kanuni ilikuwa imeanza kufanya kazi, na Muryango ilikuwa imetaja majina na mahali.

Mita thelathini kushoto kwake, mbele ya nyumba ya wageni yenye geti la bluu, ilikuwa imeegeshwa Prado nyeusi ya Ridhiwani. Dirisha la chumba cha juu lilikuwa wazi. Pelagia hakugeuza shingo. Alipita nyuma ya lori la mkaa, akashika barabara ya kaskazini.

Kwenye ramani ya mtu aliye chumbani mle, nukta yenye jina la Niyonzima ilikuwa inatoka Kibondo kwa kasi. Shahidi anakimbia.

Saa sita na dakika nane redio ikaita.

"Jembe, hapa Ghala. Uko wapi?"

"Naingia Kasulu, Ghala. Gari liko mbele yangu."

"Sawa. Palizi imeisha. Pumzika huko huko, ulale Kasulu. Umefanya kazi nzuri."

"Asante, mkuu."

Sauti yake haikutetemeka. Macho ndiyo yaliyomsaliti, na alilazimika kuinua kioo cha kofia ili upepo uyakaushe.

*

Mtendeli ilikuwa kimya. Palipokuwa na maelfu ya watu sasa palibaki sakafu za udongo, mashimo ya vyoo yaliyofukiwa nusu, na bomba la maji lisilo na maji. Pelagia alipajua vizuri. Aliwahi kufanya kazi hapa mwaka mzima akijifanya mgawaji wa sabuni. Aliiweka simu ya kigango juu ya jukwaa la saruji la bomba, inawaka, kisha akarudi nyuma mita sitini, kwenye kichaka cha lantana. Zuleha alikuwa amekwisha kulala kifudifudi pale, sketi imejaa vumbi, darubini mkononi. Askari wanne walikuwa nyuma ya kichuguu.

Walisubiri. Saa saba ikapita.

Saa nane kasoro robo Prado nyeusi iliingia, ikasimama. Aliteremka kijana mwenye kofia ya kapelo na bunduki fupi, Uzi ya zamani. Nyuma yake akateremka Ridhiwani, shati la bluu, simu mkononi. Aliitazama simu, akatazama jukwaa la bomba, akatazama simu tena. Akatembea mpaka pale.

Hapakuwa na mzee. Palikuwa na Samsung ndogo yenye kava la kitenge.

Pelagia akaipigia.

Ridhiwani aliiacha iite mara tano. Kisha akaipokea.

"Haloo?"

"Shikamoo, mkuu."

Aliyesimama pale bombani aligeuka taratibu, mzunguko mzima.

"Jembe. Wewe uko Kasulu."

"Kifaa chako ndicho kiko Kasulu. Mimi nakuona."

Ridhiwani alikuwa mzoefu. Sauti yake ilirudi haraka, ya kibaba, ya upole. Alisema amepata taarifa kwamba shahidi yuko hatarini na amekuja kumlinda mwenyewe, kwa sababu hakutaka kumwamini mtu mwingine. Alimwambia ajitokeze waongee.

"Taarifa umeipata wapi?"

Ridhiwani alivitazama vichaka, kimoja kimoja.

"Simu hiyo ni ya kigango cha Busunzu," Pelagia alisema. "Nimeileta hapa mwenyewe leo. Anayejua ni wakili wa serikali na askari wake, na wote ninao hapa. Nje ya sisi, anayeweza kujua iko hapa ni yule aliyefungua orodha ya Kasha Salama. Na orodha hiyo haifunguliwi bila amri ya mahakama. Ndivyo kanuni inavyosema, mkuu. Ulikuwepo ilipoandikwa."

Zuleha, ubavuni kwake, alikuwa anaandika kwenye daftari bila kuinua kichwa.

"Ya kigango?" Ridhiwani aliuliza. Mshangao wake ulikuwa wa kweli. "Simu ya Niyonzima ni ya kigango?"

"Ni ya familia arobaini na tatu. Huku ndivyo tunavyoishi. Ulinifundisha kila kitu, mkuu, lakini hukuwahi kuniuliza kitu."

Ridhiwani alimpungia kijana wa kapelo. Kijana aliinua Uzi, akamwaga risasi kwenye kichaka kisichohusika. Pelagia alifyatua mara mbili. Risasi ya kwanza ilipasua tairi la mbele la Prado. Ya pili ilipita kwenye goti la kijana, akaanguka na bunduki ikamtoka. Askari waliinuka nyuma ya kichuguu, na Ridhiwani, ambaye hakuwa mjinga, akaweka mikono kichwani.

Yote yalichukua chini ya dakika moja.

Pelagia alimfunga pingu yeye mwenyewe. Zilikuwa pingu alizopewa naye mwaka wa kwanza wa kazi.

"Kwa nini?" alimuuliza. Alijua kwamba swali hilo halifai, kwamba ni kazi ya Zuleha, lakini lilimtoka.

Ridhiwani alimtazama kwa uchovu. "Miezi minne nastaafu. Miaka thelathini na mbili, natoka na mkono mtupu, na wale wakubwa wanalipa. Mzee mmoja mkimbizi, Pelagia. Mmoja. Hata si wa kwenu tena. Mimi ndiye niliyekufanya uwe Mtanzania."

"Nilikuwa Mtanzania kabla sijakujua," alisema. "Nilichopata kwako ni imani. Nayo umeigeuza chambo."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati la bluu, akatoa simu ya Ridhiwani, akampa Zuleha iwe kielelezo.

"Humo kuna picha yangu," alimwambia. "Kesi ikiisha, naiomba. Mama yangu ana ukuta mtupu."

*

Niyonzima alitoa ushahidi Jumatatu na Jumanne. Pelagia alikaa benchi la nyuma siku zote mbili. Alimwona mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu ya kijani, akiwanyooshea kidole wanaume watano waliovaa vizuri, mmoja baada ya mwingine, bila kukosea jina. Mzee hakumjua Pelagia, na hapakuwa na sababu ya kumjua.

Mahakama iliifunga Kasha Salama. Muryango nayo ikafungua ukurasa mweupe kwa wiki tatu. Bazilio alikwenda mwenyewe Kigoma mjini na fomu zake, akaonyesha kwamba tovuti yake haitoi kitu nje ya simu, na kanuni hiyo hiyo ikampa leseni. Pelagia alimpigia mara sita katika wiki hizo. Hakupokea.

Simu ya kigango ilipoachiliwa na mahakama, Pelagia aliirudisha Busunzu. Mama Immakulata aliikagua mbele na nyuma, akaiweka sandukuni, akasema ahsante. Hakumkaribisha kukaa.

Nje foleni ilikuwa imeshajipanga. Pelagia alikuwa anavaa kofia ngumu mtu alipomgusa kiwiko. Ilikuwa kofia ya kijani; mwenyewe alikuwa wa kwanza foleni, simu ya kigango tayari mkononi.

"Mwana wanje, mwanangu," mzee Niyonzima alisema, "imefunguka, lakini imeandika kitu mwanzoni. Macho yangu hayaoni herufi ndogo. Nisomee."

Alimpa simu kwa mikono miwili. Juu ya Muryango kulikuwa na maandishi mapya, na chini yake kitufe cha Kubali.

Pelagia aliyasoma mara moja kimyakimya. Kisha akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa sababu mzee alikuwa anasubiri.

"*Usibonyeze Kubali kwa sababu tu unamwamini aliyekuambia. Mimi nilimwamini. Bazilio.*"

Mzee alitikisa kichwa kwa makini, kama mtu anayepima maneno.

"Basi wewe umesoma," alisema. "Unaonaje, nibonyeze?"

"Usiniulize mimi, mzee. Muulize Mama Immakulata."

Alimrudishia simu, kwa mikono miwili. Akawasha Honda. Redio kiunoni iliita, sauti ngeni, mkuu mpya, ikimtafuta Jembe. Aliipunguza sauti mpaka ikaisha, akaingia barabarani kuelekea Kasulu, alikokaa Bazilio.